Uzoefu wangu na shoo za jukwaani London: tembo wa Lyceum, kusimama Globe na nyinginezo

Niseme mapema kabisa. Kama unaenda London na hela yako inatosha shoo moja tu, nenda kaone The Lion King, mchezo wa muziki wa simba, pale ukumbi wa Lyceum, na ikitosha mbili basi ya pili iwe ya kusimama pale Shakespeare's Globe. Nimeona na nyingine, nitazisema zote, ila nimeanza hivyo maana najua wapo wanaotaka jibu tu waendelee na mambo yao.

Nilienda na dada yangu mkubwa, na tumebishana safari nzima, kwenye treni za chini ya ardhi, kwenye foleni, mpaka kwenye ngazi za kutokea ukumbini watu wakawa wanatugeukia. Yeye anataka jukwaa kubwa, taa, moshi, majumba yanayopanda na kushuka. Mimi nataka nimwone mtu. Nikimwona mtu yuko pale mbele yangu, jasho linamtoka, ananiaminisha kitu ambacho kwa macho yangu naona kabisa ni mbao na kitambaa, hapo nimekwisha, hela yangu imerudi. Kwa hiyo jua kwamba hicho ndo kipimo changu, na kama cha kwako kinafanana na cha dada basi maoni yangu yageuze tu kichwa chini miguu juu.

Haya, Lion King. Ipo Lyceum tangu 1999, na nilikuwa na wasiwasi kwamba shoo iliyochezwa miaka yote hiyo, mara nane kwa wiki, itakuwa imeshachuja na waigizaji wanamaliza tu ratiba waende nyumbani. Aisee. Taa zikazima, Rafiki, yule nyani mganga, akatoka akapiga ule mwito wa Kizulu, akajibiwa kutoka juu pembeni ya ukumbi, na kabla hujajua uangalie wapi wanyama wakaanza kuingia kwa kupita katikati yetu, kwenye njia za kati ya viti. Tembo alipita karibu yangu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Ndani yake kuna watu, kila mguu na mtu wake, na wanatembea kwa pamoja vilevile tembo anavyotembea, anaweka mguu, uzito unashuka, ndo mwingine unanyanyuka. Twiga ni mtu mmoja tu, amefungwa ngongoti mikononi na miguuni, shingo ndefu imekaa juu ya kichwa chake, na uso wake uko wazi, haukufichwa hata kidogo.

Na hapo ndo penyewe. Julie Taymor, aliyeiongoza na kubuni mavazi, angeweza kuwafunika waigizaji wote kwa manyoya ya bandia tusiwaone kabisa, akaamua tuwaone, mtu na mnyama kwa pamoja. Mfalme simba Mufasa na ndugu yake Scar, vinyago vyao vimekaa juu ya vichwa na sura zao unaziona chini yake, ila Scar akikasirika anainamisha shingo na kinyago kinashuka mbele ya uso wake, unaona simba, akinyooka kinarudi juu unaona mtu mwenye wivu. Nilikuwa nasubiri kila mara afanye hivyo. Kazi hii ndo ilimpa Taymor tuzo ya Tony, ile kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, ya uongozaji mwaka 1998 baada ya kuanza New York, mwanamke wa kwanza kuipata kwa mchezo wa muziki, na ukishaiona wala huulizi kwa nini.

Kuna vitu viwili sitavisahau. Ukame unakuja, na jinsi wanavyouonyesha ni kitambaa cha buluu cha mviringo kilichotandikwa chini, ndo ziwa, halafu kinaanza kuvutwa taratibu kuingia kwenye kitundu cha katikati, ziwa linapungua, linapungua, mpaka linaisha. Basi. Hakuna projekta wala nini. Cha pili ni baada ya Mufasa kufa, simba majike wanasimama wanaomboleza, na kutoka kwenye macho ya vinyago vyao wanavuta utepe mrefu mweupe, ndo machozi. Unaona kabisa mkono unavuta utepe, na bado koo linakukaba. Hapo hata dada alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Muziki wa kwaya ni wa Lebo M wa Afrika Kusini, na kwangu sehemu zile za sauti nyingi bila maneno ya Kiingereza ndo zenye nguvu kuliko hata nyimbo maarufu ambazo kila mtu anazijua. Wapiga ngoma wako pembeni pande zote mbili unawaona wakipiga, usiwapuuze, mimi nusu ya muda nilikuwa nawaangalia wao. Sehemu ya pili kabla Simba, mtoto wa Mufasa, hajarudi nyumbani inapwaya kidogo, sitaficha, ila wakati huo ulishashiba.

Siti: ukitaka tembo apite karibu yako tafuta siti za chini zilizo pembeni ya njia. Ukitaka kuona jukwaa lote jinsi wanavyolipanga basi mstari wa mbele wa ghorofa ya kwanza, ambayo kwenye ramani imeandikwa royal circle. Za katikati chini bei inaweza kupita pauni 100, na mimi naona kwa shoo hii tu ndo ningelipa hela hiyo tena.

Sasa Globe, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana wengi wanapita nje wanapiga picha wanaondoka. Ni ukumbi wa mviringo kando ya mto Thames, umejengwa kwa mbao za mwaloni kufuata ule wa zamani wa Shakespeare ulioungua 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo kuwasha paa la nyasi. Huu wa sasa ulifunguliwa 1997, na aliyeupigania kwa miaka mingi ni mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker, aliyefariki 1993 bila kuuona umekamilika. Paa lake ni la nyasi tena, la kwanza kuruhusiwa London tangu ule moto mkubwa wa 1666. Katikati hakuna paa. Ni uwanja wazi, watu kama 700 wanasimama, na tiketi za pale zinaanzia pauni 5, yaani hela ndogo mno ukilinganisha na kumbi nyingine za mji ule.

Dada alikataa kusimama, akachukua siti ya ghorofani na mto wa kukalia wa kukodi (kodini, mabenchi ni mbao tupu). Mimi nikaingia uwanjani. Kwenye foleni nilisimama na mama mmoja mtu mzima ambaye anakuja kila msimu na hajawahi kununua siti, akaniambia mwanangu ingia mapema, ukimbilie ukingo wa jukwaa au ukuta wa nyuma, maana kukaa chini hawaruhusu na masaa matatu bila pa kuegemea miguu itakuambia. Ushauri wa dhahabu. Nilipata ukingo, nikaweka viwiko vyangu juu ya jukwaa lenyewe, na waigizaji wakawa wanapita hatua moja kutoka puani kwangu.

Walikuwa wanacheza Twelfth Night, mchezo wa kuchekesha wa Shakespeare. Kiingereza chenyewe ni kile cha kale na kuna sentensi zilinipita zote, sisemi uongo, ila yule msimamizi wa nyumba Malvolio alipotoka na soksi zake za njano zilizofungwa mikanda, anaamini kabisa kwamba mama mwenye nyumba anampenda kwa sababu ya barua waliyomwandikia wenzake kumkomoa, hakuna aliyehitaji tafsiri. Na kitu kinachofanya Globe iwe tofauti ni mwanga. Mchana ule hakuna kuzima taa, wewe unamwona mwigizaji na yeye anakuona wewe, mnashea jua moja. Malvolio alimwuliza swali mtu wa karibu yangu akimwangalia machoni, yule mtu akatikisa kichwa, na Malvolio akaendelea kana kwamba amejibiwa. Mwishoni walivyokuwa wanamdhalilisha, sisi tuliokuwa tunacheka tukaanza kuona aibu, unausikia kabisa uwanja unavyopoa. Kwenye giza ungekaa zako kimya ukasahau kwamba na wewe ulikuwa unacheka, pale huwezi, majirani wamekuona.

Mvua ilinyesha sehemu ya pili. Mwavuli hauruhusiwi uwanjani kwa sababu unawaziba wengine, kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia. Hakuna aliyeondoka karibu yangu na waigizaji hawakupunguza hata neno, na wakamaliza kwa kucheza dansi wote pamoja, ndo desturi yao pale. Dada alishuka mkavu kabisa akasema, "Mdogo wangu umelowa, ila leo nimekuonea wivu." Nimeiandika hiyo kwa sababu ni mara pekee alikubali. Ila mjue michezo ya uwanjani ni ya miezi ya joto tu, kuelekea baridi wanahamia ukumbi wao mdogo wa ndani.

My Neighbour Totoro ipo Gillian Lynne, mtaa wa Drury Lane, na hii ni ya kampuni ya Royal Shakespeare iliyoanzia Barbican 2022 ikachukua tuzo 6 za Olivier, zile kubwa za michezo ya jukwaani London. Hapa tena vikaragosi, na wachezeshaji wamevaa nguo nyeusi, unawaona, halafu baada ya dakika kumi huwaoni tena ingawa hawajaondoka. Kuku wadogo tu wa mwanzoni jinsi wanavyokimbizana na wachezeshaji wao inatosha kulipia tiketi. Totoro mwenyewe, lile dubwana la msituni, akitokea, ukubwa ule, tumbo linapanda na kushuka anapumua usingizini, ukumbi mzima watoto kwa wazee wanavuta pumzi kwa pamoja. Wapiga muziki wamekaa juu kwenye majukwaa madogo kama wako mitini, na kuna mwimbaji anayetembea katikati ya mandhari akiimba, polepole sana, hakuna haraka. Mwenye kutaka mkasa wa kumwinua kitini atachoka maana kikubwa kinachotokea ni watoto wawili wanaogopa kuhusu mama yao mgonjwa. Mimi niliipenda sana. Mwenye watoto aanzie hapa hata kabla ya Lion King, haina kifo cha kutisha.

Les Misérables sasa, ambayo ndo ugomvi wenyewe. Kwa dada hii ndo namba moja na hataki kusikia mtu. Ipo London tangu 1985, sasa hivi Sondheim Theatre pale Shaftesbury Avenue, na inaimbwa mwanzo hadi mwisho, hakuna mazungumzo ya kawaida karibu kabisa, kwa hiyo kama Kiingereza cha kuimbwa kinakupita haraka soma hadithi kwanza. Mtu anaitwa Valjean ametumikia miaka 19 jela kwa mkate na majaribio ya kutoroka, polisi anamwinda maisha yake yote. Na wengi wanadhani ni yale Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, sivyo, ule uasi wa wanafunzi pale kwenye vizuizi vya barabarani ni wa Juni 1832 na ulizimwa kwa siku mbili, ukilijua hilo unawaangalia wale vijana kwa jicho jingine kabisa tangu wanaanza kuimba.

Sauti ni za ajabu. Valjean anapomwombea kijana mmoja wa wale waasi usiku kwenye kizuizi, anaimba juu kabisa na taratibu, ukumbi wote hakuna anayekohoa. Na aliyeimba siku hiyo alikuwa mbadala! Kwenye ubao wa mlangoni wanaandika nani anacheza leo, dada aliposoma kwamba mwenye nafasi yake hayupo alitaka kununa, nikamwambia dada subiri, hawa mbadala wanajua nafasi nzima nzima na wanasubiri siku kama ya leo. Alilia kuanzia dakika ya ishirini mpaka mwisho.

Kinachonitofautisha na yeye ni mandhari. Zamani shoo hii ilikuwa na jukwaa linalozunguka, wapenzi wa zamani wanalisimulia mpaka leo, likaondolewa shoo ilipopangwa upya 2020, na sasa nyuma kuna picha zinazotupwa ukutani zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, aliyeandika hadithi hii. Ni michoro mizuri, mtu alikuwa anachora kweli. Lakini pale kwenye mitaro ya maji machafu, Valjean amembeba kijana mgongoni na ukuta wa nyuma ndo unaotembea, mimi nilitaka atembee yeye. Nikamwambia dada hivyo tukitoka. Akanijibu, "Mimi siji ukumbini kuhesabu miguu ya watu ndani ya tembo, mdogo wangu. Nakuja kulia." Sina cha kumjibu, kila mtu na anachokitafuta, na kama unachotafuta ni kulia basi dada yuko sahihi na uanze na hii.

The Mousetrap nitapita haraka. Ni mchezo wa mauaji wa Agatha Christie, umeanza 1952, ukahamia St Martin's 1974, na umeshapita mara 30,000. Kuna ubao mlangoni wenye namba ya onyesho la siku hiyo, kila mtu anaupiga picha. Ile saa iliyo juu ya meko jukwaani ndo kifaa pekee cha jukwaani kilichobaki tangu siku ya kwanza, iangalie. Uigizaji ni wa namna ya zamani, watu wanasimama wanaongea sebuleni, na kama umezoea mikasa ya haraka utaona inajivuta mpaka mapumziko. Ila ukumbi ni mdogo na mzuri, siti karibu zote unaona vizuri, na mwisho wanakuomba usimwambie mtu nani muuaji. Simwambii mtu.

Kuna moja kubwa sana tuliyoiona ambayo sitaitaja jina, dada aliichagua kwa ajili ya mitambo, na mitambo ilikuwepo kweli, kitu kinaruka, kitu kinalipuka, kiti kinatetemeka. Nilitoka siwezi kukuambia jina la mhusika hata mmoja. Bei yake ilizidi ya Globe mara nyingi sana.

Kuhusu kununua na kukaa, maana hapa watu wanaumia. Kumbi nyingi za London ni majengo ya zamani sana, ngazi kali, nafasi ya magoti ndogo, na nguzo. Kwenye ukumbi mmoja tulipewa siti nyuma ya nguzo na kwenye tiketi haikuandikwa popote, nusu ya jukwaa ikawa imekatwa, mpaka mhudumu mmoja mwenye roho nzuri akatuhamisha baada ya mapumziko kwenye siti zilizobaki wazi. Kwa hiyo kabla hujalipa ingia kwenye tovuti ya SeatPlan uangalie picha ambazo watazamaji wenyewe wamepiga kutoka siti hiyo. Ghorofa ya juu kabisa ni bei rahisi lakini inainama sana, mwenye kuogopa urefu asijaribu.

Tiketi za punguzo zipo TKTS, kile kibanda kilicho Leicester Square, ni cha chama cha kumbi zenyewe, na wanauza za siku hiyo na za siku chache mbele. Maduka mengine ya jirani yanafanana nacho na yanaongeza ada yao juu, angalia vizuri unaingia wapi. Shoo nyingi pia zina tiketi chache za bei ya chini za siku hiyohiyo kwenye programu za simu kama TodayTix, zinatoka asubuhi na zinaisha upesi, na za mchana katikati ya wiki kwa kawaida ni rahisi kupata kuliko Jumamosi usiku. Kijitabu cha shoo unalipia, hakigawiwi bure.

Mapumziko ni kama dakika 20. Akina dada na akina mama, foleni ya choo katika kumbi hizi za zamani ni ndefu sana, pazia likishuka tu nyanyukeni hapohapo, aiskrimu mtanunua mkirudi maana wahudumu wanaziuza humohumo ndani ya ukumbi mpaka sehemu ya pili ikaribie kuanza. Na msichelewe mwanzoni. Ukichelewa wanakuzuia mlangoni mpaka nafasi ipatikane, na kwa Lion King ukikosa dakika zile za kwanza umekosa tembo.